Funga kitabu kwanza: jibu kwa binti wa Umoja mwenye sapu mbili

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Mwalimu habari ya leo, natumai uko salama. Mimi niko mwaka wa kwanza, nasomea shahada ya biashara hapa tao na naishi kwa anti yangu Umoja. KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, nilipata A- na nilikuwa namba mbili darasani. Matokeo ya semista ya kwanza yametoka na nina sapu mbili (mitihani ya kurudia), Akaunting nimepata 34, Uchumi 37. Na si ati sisomi mwalimu, nasoma mpaka saa nane usiku, noti nimezipitia mara tatu mara nne na nimezipaka rangi zote, lakini nikikaa kwa mtihani kichwa kinakuwa kitupu kabisa. CAT moja (jaribio la ndani ya semista) ya Akaunting nilikosa juu ya jam. Pesa ya HELB, mkopo wa serikali wa wanafunzi, iliisha wiki ya saba, sasa niko kwa Fuliza, nakopa kwa M-Pesa. Mama nyumbani hajui. Nianze wapi?"

Salama binti yangu, na pole sana kwa hayo yote kukuangukia kwa mpigo mmoja. Nimekaa na wanafunzi wa vyuo hapa Nairobi miaka mingi, kwanza nikifundisha alafu sasa kwa upande wa ushauri, na barua kama yako naipata kila matokeo yakitoka, karibu kila mara kutoka kwa mtoto aliyekuwa namba moja ama mbili huko alikotoka. Kwa hivyo hio swali unajiuliza usiku na hukuiandika, kama una akili ama A- ilikuwa bahati, iweke kando. Mtu hapati A- kwa bahati.

Wacha nikuulize kitu. Sekondari ulipimwa mara ngapi? Kama ulisoma bodingi kama wengi wetu basi kulikuwa na mtihani wa kufungua shule, wa katikati ya muhula, wa kufunga, alafu CAT, alafu zile RAT za kushtukiza ambazo mwalimu anaingia tu anasema toeni karatasi. Kila Jumatatu mtu fulani alikuwa anakulazimisha utoe kichwani kile uliingiza wiki iliyopita. Mlikuwa mnalalamika, najua, hata sisi tulilalamika, lakini hio ndio ilikuwa injini yenyewe. Sasa umekuja chuo, umebaki na CAT mbili na mtihani mmoja kwa miezi minne, kengele ya prepu haipo, hakuna mtu anakuita kwa ubao. Ile nusu ya kupimwa imeondolewa na wewe umebaki na nusu ya kusoma tu, na kwa sababu matokeo ni mabaya unaongeza kusoma. Saa sita usiku, saa saba, saa nane. Ni kama kumwaga maji kwa debe lenye shimo alafu ukiona halijai unafungua bomba zaidi.

Hii si maneno yangu ya kukutuliza. Mwaka wa 2006 huko Marekani watafiti wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichukua wanafunzi wa chuo wakawapa kifungu cha kusoma. Kundi moja walikisoma mara nne. Kundi lingine walikisoma mara moja tu, alafu mara tatu wakaambiwa waandike kila kitu wanakumbuka bila kuangalia. Dakika tano baadaye wale wa kusoma mara nne ndio walikuwa juu, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, wale waliojijaribu walikumbuka asilimia 61 na wasomaji wa mara nne wakabaki na 40. Na sasa sikiliza sehemu inayokuhusu wewe: kundi la kusoma tena na tena ndio walikuwa na imani zaidi kwamba watakumbuka. Ndio maana unaingia mtihani ukihisi umeiva alafu karatasi inafunguliwa unabaki kuangalia dari. Ukisoma noti mara ya nne zinakuwa nyepesi, macho yanateleza, unasema hii naijua. Unaijua sura yake tu, kama jirani wa ploti unayemsalimia kila siku na hujui jina lake.

Kwa hivyo pa kuanzia ni hapo, funga kitabu. Namaanisha kukifunga kabisa na kukiweka mahali mkono haufiki.

Hivi ndivyo inavyofanyika. Soma kipande kifupi, kurasa tatu au nne, si mada nzima. Funga. Chukua karatasi tupu, hata nyuma ya fotokopi ya zamani inatosha, na uandike kila kitu kinachokuja, kwa lugha yako, na vichoro, na mifano, Kiswahili na Sheng zikichanganyika ni sawa hakuna mtu anasahihisha. Utakwama. Dakika mbili za kwanza zitakuuma na utataka sana kuchungulia, usichungulie, hapo unapokwama ndio kazi inafanyika. Ukishamaliza fungua kitabu na kalamu nyekundu, jaza ulichosahau, sahihisha ulichokosea. Hio karatasi nyekundu sasa ndio noti zako za kweli juu inakuonyesha mashimo yako wewe, si ya darasa zima.

Tuchukue Uchumi, yuniti iliyokuangusha. Mtu akisoma elastisiti ya mahitaji, yaani wanunuzi wanabadilika kiasi gani bei ikibadilika, anakariri fomula, badiliko la wingi kwa asilimia kugawa badiliko la bei kwa asilimia, anapaka rangi ya njano anaendelea. Wewe funga kitabu ujieleze na kitu unachokijua. Mvua imenyesha tao saa kumi na mbili jioni, makanga wa Umoja ametoa bei kutoka 50 hadi 100. Bei imepanda asilimia 100. Gari ya watu 33 imebeba 30, yaani abiria wamepungua kama asilimia 9. Gawa, unapata 0.09, chini kabisa ya moja, watu hawana namna, giza linaingia na nyumbani ni mbali. Mapato ya makanga yalikuwa 1,650 sasa ni 3,000. Ukiweza kusimulia hivyo bila kitabu mtahini akibadilisha mfano akuletee unga ama petroli hautashtuka. Ukiwa umekariri fomula peke yake akibadilisha tu maneno umeisha.

Akaunting ni mnyama mwingine kabisa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Akaunting haisomwi, inafanywa. Ukiniambia umesoma Akaunting mara nne nasikia mtu ananiambia amesoma kupika chapati mara nne. Kaa na maswali, na yasiwe yale yenye jibu limeandikwa chini yake, juu ukiliona jibu akili inasema ndio ndio ningefanya hivyo, na ni uongo. Maswali yatapatikana wapi? Karatasi za mitihani ya miaka iliyopita ziko maktaba ya chuo, na zile za CPA za KASNEB zimejaa kila mahali, bodi hiyo ya kutahini wahasibu nchi hii ilianzishwa 1969, kwa hivyo hata ufanye mazoezi mpaka uchoke hazitaisha. Fanya swali lote mpaka mwisho hata kama mizania imekataa kubalansi. Alafu weka daftari moja dogo la makosa, ukikosea unaandika tarehe, nilifanya nini, ilifaa nini. Baada ya wiki tatu utaona makosa yako ni manne tu, yanabadilisha nguo. Na changanya maswali, usifanye ya uchakavu kumi mfululizo juu ukifika la tatu mkono unaenda wenyewe bila kichwa. Moja la uchakavu, moja la upatanisho wa benki, moja la ubia, rudi tena. Mtihani hautakuambia leo ni uchakavu.

Kitu ya pili ni kutawanya. Kuna Mjerumani mmoja aitwaye Hermann Ebbinghaus, 1885 huko, alijifanyia majaribio mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana alafu kupima zinatoroka kwa kasi gani. Ndani ya siku moja karibu theluthi mbili ya kazi ilikuwa imepotea. Noti zako zina maana kwa hivyo hazitoroki vibaya hivyo, ila mwenendo ni ule ule, kuanguka haraka mwanzoni alafu polepole. Dawa yake ni kuirudia kabla haijaisha, si kwa kusoma, kwa kujijaribu tena. Somo la Jumatatu lijaribu Jumatatu jioni, Jumanne, wiki inayofuata, alafu baada ya mwezi. Kila mara dakika kumi na tano hivi. Saa moja iliyokatwa vipande vinne kwa mwezi itakufaa kuliko saa nne za usiku wa kuamkia mtihani, na unaona hesabu yake ni nafuu pia.

Sasa utaniambia mwalimu mimi natoka Umoja, muda wenyewe uko wapi. Uko ndani ya matatu. Unakaa saa nzima Jogoo Road asubuhi na saa nzima jioni, siku mbaya zaidi. Huwezi kusoma mle, muziki unatikisa mbavu na mwanga hakuna, na hio ndio bahati yako juu kukumbuka hakuhitaji kitabu. Ukiketi jiulize, jana lekchara alisema nini, mambo matatu. Yapange kichwani. Kile kimekataa kuja kiandike kwa kijikaratasi uangalie ukifika. Simu usiitoe ukiwa dirishani, mikono ya Nairobi unaijua, nimepoteza moja hivyo nikisikiliza sauti niliyorekodi mwenyewe kuhusu kutunza muda, cheka tu.

Kuhusu kupaka rangi sitakuficha, 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kusoma zinazotumiwa na wanafunzi, na kupaka rangi pamoja na kusoma tena vikawekwa kundi la chini, kujijaribu na kutawanya vikawekwa juu. Hizo kalamu mpe mtoto wa anti achore maua.

Na usingizi. Saa nane usiku si bidii binti yangu, ni hasara, ubongo unapanga yale ya mchana ukiwa umelala na wewe hio kazi unaikatiza kila siku alafu saa kumi na moja uko juu. Lala saa tano. Lakini najua kwa nini unaanza kusoma saa nne usiku, hukuandika lakini nimekaa nyumba za watu pia. Unafika saa moja, unashika jiko, kuna watoto na homuwaki yao, kuna vyombo, alafu kila mtu akilala ndio meza ya sebuleni inakuwa yako. Sivyo?

Basi hii ndio sehemu ambayo chuo hakifundishi. Anti yako hajui sapu ni nini, ama anajua lakini anadhani chuo ni pale mchana. Usimwendee na malalamiko, na usiende jioni akiwa amechoka. Jumapili mkishakula, ukimsaidia kitu, mwambie hivi: "Anti, asante kwa kunikalisha hapa, bila wewe singekuwa chuo. Kuna masomo mawili yameniangusha na nataka kuyarudia. Naomba unisaidie na kitu kimoja, Jumanne na Alhamisi nikae maktaba mpaka saa mbili usiku, alafu Jumamosi asubuhi yote nguo na usafi wa nyumba niachie mimi." Umeona ulichofanya? Umeanza na shukrani, umesema ukweli kabla hajausikia kwa mtu mwingine, umeomba siku mbili zenye majina, si "nipate muda", na umeweka kitu mezani. Watu wazima wengi hawakatai hio. Wanachokataa ni msichana kuchelewa bila kusema, hapo mawazo yanaenda mbali sana. Ukichelewa na jam piga simu hata kama ni dakika kumi. Na kurudi kwenyewe usirudi peke yako, tafuta mwenzako wa njia ya Umoja ama Donholm, giza la steji za tao ni lako kulipanga mapema.

Tuje kwa CAT. Vyuo vingi vya umma hapa kwetu kozi nyingi ni CAT 30 na mtihani 70, kupita ni 40, kama chako ni tofauti badilisha namba hizi. Akaunting una 34. Kama CAT moja ulikosa basi nadhani ulienda mtihani na kitu kama 11, ina maana kwenye mtihani wenyewe ulipata 23. Ungekuwa na 20 kwenye CAT, na 20 kwa 30 ni kitu unaweza kabisa, zile zile 23 zako zingekupa 43 na leo tungekuwa tunaongea mambo mengine. Wanafunzi wanaogopa mtihani mkubwa na wanachezea CAT, na CAT ndio rahisi, mada ni mbili tatu, bado ziko motomoto. Siku ya CAT toka nyumbani saa kumi na mbili kasoro hata kama ni ya saa tano. Na ukikosa kwa sababu ya kweli mwone lekchara siku hiyo hiyo, si wiki ya mitihani. Nenda mlangoni, "Daktari habari, mimi ni fulani wa darasa lako la Akaunting, nimekosa CAT ya leo, naomba kujua kama kuna njia ya kuifidia." Maneno mafupi, bila hadithi ya jam, jam kila mtu anayo. Anaweza kukataa, basi umekataliwa, hujafa.

Pia weka ushahidi wa kila kitu. Karatasi ya CAT ikirudishwa ipige picha ikiwa na alama, saini rejista ya mtihani uhakikishe umesaini, kila semista ukague portali mapema. Mimi enzi zangu matokeo yalibandikwa ukutani, nikakuta nafasi yangu iko na kistari tu, alama hazipo, na nilifanya mtihani nikatoka wa mwisho. Nilizunguka ofisi za chuo hicho, sitakitaja, karibu mwaka mzima, huku wananiambia uliza kule, kule wananiambia uliza huku. Kilichoniokoa ni karatasi moja ya CAT ambayo mamangu alikuwa amefungia sukari na haikuchanika.

Kuhusu sapu zenyewe usizichukulie kama aibu ama kama kitu cha kupuuza. Vyuo vingi ukipita sapu unawekewa 40 hata kama umeandika 80, kwa hivyo ile ndoto ya fasti klasi inayotaka wastani wa 70 imepata kovu, haijafa, una miaka mitatu na nusu mbele. Angalia tarehe, jisajili na ulipe mapema kama kwenu zinalipiwa.

Diskasheni ni nzuri mkiwa watatu au wanne na kila mtu amekuja amesoma. Mpe kila mmoja mada aifundishe wengine bila karatasi, wengine wamkatize na maswali. Zile za watu kumi na mbili chini ya mti zinaisha na smocha na habari za nani ameachana na nani, nazo zina raha yake, lakini usiziandike kwa ratiba kama masomo.

ChatGPT najua mko nayo nyote tangu itoke mwisho wa 2022. Sina shida nayo ukiitumia kama yule mwalimu wa RAT. Iambie, nitungie maswali matano ya elastisiti, usinipe majibu mpaka nijibu, alafu niambie nimekosea wapi. Hapo inakufaa. Ukiiambia niandikie kazi ya nyumbani umeajiri mtu akufanyie mazoezi ya mwili alafu unashangaa mbona misuli yake tu inakua. Na inatunga marejeo ya vitabu ambavyo havipo na uso mkavu kabisa, nimeona mtu akiulizwa na lekchara alete kitabu. Mwakenya sizungumzii sana, adhabu unazijua. Ila jina lenyewe linanichekesha kila mara, Mwakenya kilikuwa kikundi cha siri cha kupinga serikali ya Moi, 1986 watu wakashikwa na kufungwa kwa ajili ya vijikaratasi vyake, na wanafunzi wakalichukua jina wakaliweka kwa vijikaratasi vya kuibia mtihani. Watu waliumia kwa hilo jina, wewe unaliweka kwa soksi.

Pesa sasa. Tufanye ni Akaunting, ufaidike mara mbili. HELB imekuingizia, tuseme 20,000. Andika: debiti pesa taslimu 20,000, krediti nini? Ukiandika mapato umefeli swali. Ni mkopo, ni dhima, yaani deni, utaulipa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na wataanza kukudai mwaka mmoja baada ya kumaliza. Sasa toa matumizi. Nauli ukienda chuo siku nne kwa wiki, 160 kwa siku, ni 640. Chakula cha mchana cha kibanda, chapati na madondo, 100 mara nne, ni 400. Hiyo ni 1,040 kwa wiki, mara wiki 15 ni 15,600. Zimebaki 4,400 za bando, fotokopi, nywele, sabuni na pedi. Inawezekana, imebana lakini inawezekana.

Sasa mbona yako iliisha wiki ya saba? Barua yako ndefu nilioifupisha ulitaja mahali kwa pembeni kwamba ulimtumia mama 8,000 ya karo ya mdogo wako. Hapo ndio swali lote lilipo. Zilibaki 12,000 na safari ni ya 15,600, hata kama hungenunua kitu kingine chochote ungekwama wiki ya kumi na mbili. Sikwambii usimsaidie mama, mimi ni nani, na mimi nilisomeshwa na kaka ambaye hakununua viatu. Nakwambia huwezi kutoa kwa nauli yako. Toa kwa zile 4,400, hata kama ni elfu moja, na useme ni elfu moja.

Siku pesa ikiingia igawanye siku hiyo hiyo kabla haijazoea mkononi. M-Shwari ina akaunti ya kufunga pesa kwa muda, funga nusu mpaka katikati ya semista. Iliyobaki jitumie kila Jumatatu 1,200, ikiisha Alhamisi ni shida ya Alhamisi tu, haitakuwa shida ya miezi miwili. Fuliza inakukata asilimia 1 ukichukua alafu ada ya kila siku, na pesa yoyote ikiingia inajilipa kwanza yenyewe, kwa hivyo mjomba akikutumia 500 unaona 180 unadhani umeibiwa. Ilipe iishe, alafu ujitoe. Na ile michezo ya kubeti ya ndege inayopanda, wavulana wa darasa lenu watakuambia wamekula. Waulize wiki tatu baadaye.

Mama umwambie. Si kwa simu kwa dakika mbili za kukopa za Okoa Jahazi, ukienda likizo, ama umpigie Jumapili jioni ukiwa umetulia. Mwambie masomo mawili utayarudia, umeshapanga utayarudiaje, na pesa ya mdogo utatuma kiasi hiki, si kile. Akikasirika mwache akasirike siku mbili. Uzito wa kuficha ndio unakukalisha macho saa nane usiku, zaidi ya hio Akaunting. Na ukiona hata baada ya hapo hulali, huli, huoni maana ya kuamka, chuo chako kina ofisi ya mlezi wa wanafunzi na washauri wa bure wanaofunga mdomo, nenda, hauhitaji kuwa umeharibikiwa ndio uende.

Hizo Jumanne na Alhamisi nenda maktaba ya chuo. Siku unataka kubadilisha hewa ingia maktaba ya McMillan pale Banda Street, imefunguliwa tangu 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao, kwa hivyo kaa pale kwa raha zako, panua miguu. Simu iache ndani ya begi na begi liwe sakafuni. Dakika 25 kazi, dakika 5 kunyoosha mgongo, mara nne, umemaliza, nenda steji.

Usianze na yuniti zote saba. Wiki hii ni Akaunting na Uchumi tu, kila siku swali moja moja, hizo nyingine hudhuria na ujijaribu kwa matatu. Na swali la kwanza la Uchumi nakupea mimi, lifanye kesho asubuhi kabla gari haijafika Donholm: mama wa smocha pale steji alikuwa anauza 80 kwa siku kwa shilingi 50, akapandisha hadi 70, sasa anauza 30. Elastisiti ni ngapi, mapato yake yamepanda ama yameshuka, na mbona yeye hawezi kufanya kile makanga anafanya mvua ikinyesha? Kitabu kikiwa kimefungwa.